Chysauster: nyumba zipo, watu hakuna

Kila nikiweka picha za magofu ya wakulima wa Uingereza enzi za Warumi, haya mambo yangu ya mawe na mashimo, lazima kuna mtu aulize, sasa Warumi si walikuwa Roma, Uingereza walifuata nini? Jibu fupi ni kwamba jeshi la Kaisari Klaudio lilivuka bahari mwaka 43 baada ya Kristo, likapiga, likakaa, na utawala wao ukaja kukatika mnamo mwaka 410 hivi. Karibu miaka 370 hiyo. Waingereza wenyewe Tanganyika hawakufika hata 50, kwa hiyo fikiria ni vizazi vingapi vilizaliwa na kuzikwa vikijua tu kwamba mkubwa wa dunia anakaa Roma.

Tatizo ukisoma habari za kipindi hicho unaletewa vitu vilevile kila siku. Mabafu ya mji wa Bath, ukuta mrefu wa Kaisari Hadrian, majumba ya matajiri yenye sakafu za mozaiki, zile picha za vipande vidogo vya mawe ya rangi, na sanamu fulani hivi isiyo na pua. Sina ugomvi navyo, vizuri, nimeenda nimeviona. Ila walio wengi sana enzi hizo walikuwa wakulima wa vijijini, watu wa ng'ombe na kondoo na ngano na shayiri, na nadhani wengi wao walikufa hawajakanyaga mozaiki hata siku moja. Mimi ndio ninaowataka hao.

Ukiwataka hao sehemu ya kuanzia ni Cornwall, kule kwenye ncha kabisa ya kusini magharibi. Kuna kijiji kinaitwa Chysauster, sio mbali na mji wa Penzance, kiko ubavuni mwa kilima, na kinatunzwa na English Heritage, shirika la kutunza maeneo ya kale. Unaacha gari chini unapandisha kwa miguu kwenye njia ya shambani, upepo unakupiga usoni, kulia na kushoto vichaka vya miba vyenye maua ya njano, alafu ghafla uko kwenye majani yaliyokatwa vizuri na mbele yako kuna kuta za mawe zimejikunja kunja. Nilienda na binamu yangu aliyekuwa amekuja kunitembelea, yeye ni mtu wa magari na mpira, akasimama pale akaniangalia.

"Kaka, yani tumelipa hela kuja kuangalia mawe?"

"Dogo tulia, ingia ndani kwanza."

Na kweli ukiingia ndani ndio mambo yanabadilika, maana hizi sio kuta za kufika gotini zile ambazo inabidi kichwa chako kifanye kazi yote. Kuna sehemu ukuta umesimama mpaka unakupita kichwa. Ni graniti, mawe makubwa yamepangwa bila saruji wala chokaa, nje safu moja na ndani safu moja, katikati wamejaza udongo na kokoto, na unene wake ni wa ajabu, kuna sehemu mtu mzima anaweza kulala juu ya ukuta kwa upana na miguu isitokeze.

Nyumba yenyewe ni hivi. Unaingia kwa mlango mmoja, na milango mingi imeelekezwa upande wa mashariki, kuupa mgongo upepo mkali wa baharini unaotoka kusini magharibi. Ukishapita mlango hauko chumbani, uko uwani, pako wazi juu, mbingu hiyo hapo. Kushoto kuna sehemu imeingia ndani ya ukuta, inasadikika paliegemezwa kibanda cha mifugo. Kulia kuna chumba kirefu chembamba, labda stoo au sehemu ya kufanyia kazi. Mbele yako, ukiwa umeuvuka ua, ndio chumba kikubwa cha mviringo, kilichokuwa na paa la nyasi, na humo ndio watu walikaa, wakapika, wakalala. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya uswahilini yenye vyumba vinavyotazama uwani hatopata shida hapa, anajua kabisa mama mwenye nyumba angekaa wapi akichambua mchele huku anaangalia nani anaingia nani anatoka.

Ndani ya hicho chumba cha mviringo, chini, kuna jiwe limelazwa na katikati yake kuna shimo la duara kama bakuli dogo. Siku ile lilikuwa limejaa maji ya mvua. Nikaingiza vidole, pembeni pamelainika kabisa, pana uteleziteleze wa kitu kilichosuguliwa miaka mingi. Maelezo ya kawaida ni kwamba ndipo iliposimama nguzo ya paa, wengine wanasema mawe mengine kama hilo yalikuwa ya kusagia au kutwangia. Mimi nilivyoligusa nimeegemea upande wa kusaga, lakini mimi sio mtaalam.

Binamu yeye kilichomteka ni mitaro. Chini ya sakafu za baadhi ya nyumba walichimba mifereji, wakaijengea mawe pembeni, wakaifunika kwa mawe bapa, maji yanapita chini kwa chini yanatoka nje kufuata mteremko. Akapiga magoti pale anafuatilia mmoja unapoelekea, anasema hawa jamaa walifikiria maji kabla ya kujenga, kuna mafundi leo wanakujengea nyumba nzima mvua ya kwanza tu sebule inageuka bwawa. Nikamwambia si ulisema ni mawe tu wewe.

Nyumba za namna hii, za ua katikati na vyumba ndani ya unene wa ukuta, zinapatikana sehemu moja tu, ile ncha ya Cornwall na visiwa vya Scilly vilivyo mbele yake baharini. Pale Chysauster nyingi zimekaa mbili mbili zinatazamana, katikati njia, na nyuma ya nyumba kuna vibustani vilivyosawazishwa kwenye mteremko. Watu wa utalii wanapenda kusema ndio mtaa wa zamani kuliko yote Uingereza. Sawa, kila mtu na biashara yake.

Sasa swali ambalo lilinikaa kichwani. Kijiji hiki kimekaliwa kuanzia mwaka 100 hivi mpaka karne ya 3, yani katikati kabisa ya enzi ya Warumi. Roma iko wapi hapa? Hakuna pembe ya mraba hata moja, hakuna vigae vya paa, hakuna bafu, hakuna mozaiki wala mfumo wa kupasha sakafu joto. Vyungu vingi vya watu wa Cornwall kipindi hicho vilifinyangwa kwa udongo wa rasi ya Lizard, hukohuko Cornwall, udongo uleule waliokuwa wanatumia mababu zao maelfu ya miaka kabla Roma haijawa chochote. Mji wa Kirumi wa maana uliokuwa karibu ni Exeter, ambako jeshi la Legio II Augusta lilijenga ngome miaka ya 50, na kutoka Exeter mpaka huku ni safari. Cornwall nzima jumba la kitajiri la mtindo wa Kirumi linalojulikana ni moja tu, la Magor karibu na Camborne, na lenyewe lilijengwa kwa kubahatisha, fundi inaonekana mkanda wa kupimia hakuwa nao.

Ukisoma vitabu vya zamani wanasema hawa watu walikuwa nyuma, ustaarabu haukuwafikia. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Walijua vizuri tu. Kule Trethurgy karibu na St Austell kuna boma lingine la kipindi hicho, lilichimbwa lote mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla eneo halijafunikwa na taka za machimbo ya udongo mweupe, wakakuta nyumba za umbo la yai ndani ya uzio wa mviringo, na wakakuta mkuo wa bati. Sio bati la kuezekea, ni yale madini yenyewe yaliyoyeyushwa. Bati la Cornwall lilikuwa linatafutwa na kila mtu, na mkuo kama ule haukai shambani kwa mkulima kama hana uhusiano na soko na watoza kodi na mabaharia. Walikuwa ndani ya dola kabisa, walichokataa ni kubadilisha nyumba. Na dola lenyewe lilikuwa refu kweli, karne ya 1 kuna mfanyabiashara wa Misri chini ya Roma aliandika kwa Kigiriki habari za biashara ya kwetu pwani ya Afrika Mashariki mpaka bandari ya Rhapta, pembe za ndovu na mikuki na vyombo vya glasi, nani anauza nini.

Habari ya uchimbaji pale Chysauster nayo ina vituko. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wamethodisti walikuwa wanafanya mahubiri pale kwenye magofu, watu wamekaa juu ya kuta, mhubiri katikati ya ua, na kwa kweli ukisimama pale unaona kwa nini, sauti inakaa na upepo haukufikii. Mwaka 1873 akaja William Copeland Borlase, mpenzi wa mambo ya kale, akachimba. Baadaye, miaka ya 1928 na 1931, mwanaakiolojia Hencken akaja kuchimba kwa utaratibu zaidi, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu zile nyumba kinatoka hapo.

Kinachoniuma ni mifupa. Udongo wa graniti una asidi, unakula mfupa mpaka unaisha, kwa hiyo una nyumba, una meko, una mtaro, ila aliyepika kwenye meko hayupo. Hujui walikuwa warefu au wafupi, walikufa wana umri gani, mgongo uliwauma au la, walitoka wapi. Hakuna makaburi ya kukujibu. Na waliondoka bila moto wala vita inayoonekana, nyumba zikaachwa, paa likaanguka, magugu yakaingia.

Kabla sijatoka Cornwall lazima nitaje Carn Euny, ni kijiji kingine cha aina hiyo, upande wa pili wa Penzance, bure kabisa kuingia. Kule kuna kitu wanaita fogou, ni njia ya chini ya ardhi iliyojengwa kwa mawe, kama mita 20 hivi, juu imefunikwa kwa mawe mazito ya kulala, na pembeni yake kuna chumba cha mviringo. Waliogundua ni wachimba migodi waliokuwa wanatafuta bati, karne ya 19, na miaka ya 1964 mpaka 1972 mwanaakiolojia Patricia Christie akaja akachimba kijiji chote vizuri. Kazi ya hilo pango wanabishana mpaka leo, stoo ya vyakula, pa kujificha, pa ibada, chagua. Ukiinama kuingia subiri macho yazoee giza, kisha angalia kuta kwa pembeni bila kumulika tochi, kuna kuvumwani kanang'aa kijani, ni kimmea kinachorudisha mwanga kidogo unaoingia, sio umeme wala jini. Binamu alitoka mbio. Mimi nilibaki.

Haya, sasa ukitoka Cornwall ukaenda Uingereza ya tambarare mambo yanageuka kinyume kabisa. Kule hakuna graniti. Wakulima walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na hivyo vyote vimeoza zamani, kilichobaki ni madoa. Shimo la nguzo linabaki kama duara jeusi kwenye udongo wa njano. Mtaro uliozunguka boma unabaki kama mstari. Juu yake ni shamba la ngano tu, unapita huoni kitu, ila kukiwa na ukame ile mimea iliyoota juu ya mtaro wa kale inapata unyevu zaidi inakuwa mirefu na ya kijani, na mtu aliye kwenye ndege anaona ramani nzima ya kijiji imejichora shambani. Kiangazi cha 2018 kilikuwa kikavu sana na ndege zikarudi na picha nyingi mpaka basi. Wakulima wenyewe ndio waliokuwa wanalia, ila watu wa akiolojia sherehe.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejisumbua na madoa hayo. Jenerali Pitt-Rivers, mwanajeshi wa Uingereza aliyependa akiolojia, alichimba vijiji vya kale vya Woodcutts na Rotherley miaka ya 1880 kwenye ardhi aliyorithi, akaandika kila kigae na kila mfupa ulikuwa wapi, lakini wenzake wengi walikuwa wanakimbilia mozaiki. Kilichobadilisha mambo sio mapenzi ya ghafla kwa wakulima, ni sheria za ujenzi. Mwaka 1990 serikali ilitoa mwongozo kwamba mwenye mradi, awe anajenga nyumba au barabara, mzigo wa kuchunguza mabaki ya kale kabla hajafukia ni wake. Basi wachimbaji wakaanza kupelekwa kuchimba sehemu ambazo hakuna profesa angezichagua, mashamba ya kawaida, pembeni ya barabara, na kila mahali wakikuta wakulima wa enzi za Warumi. Chuo Kikuu cha Reading na wachimbaji wa Cotswold Archaeology wakaja kukusanya ripoti zote hizo, maeneo zaidi ya 2,500, ndio tukaanza kuona picha. Vijiji vinatofautiana sana mkoa kwa mkoa, na yale majumba ya matajiri ni machache kati ya makazi mengi.

Na huku udongo unatunza mifupa. Yani Cornwall unapata nyumba bila watu, mkoa wa Cambridgeshire kule mashariki unapata watu bila nyumba.

Mfano, barabara ya A14 kati ya Cambridge na Huntingdon. Kabla ya kuipanua walichimba eneo kubwa sana, na karibu na kijiji cha Offord Cluny, pembeni ya shamba la enzi za Warumi, wakakuta kijana amezikwa peke yake ndani ya mtaro. Hana kitu chochote. Hana bangili, hana chungu, hana sarafu. Mtu wa miaka 18 mpaka 25, alikufa kati ya mwaka 126 na 228. Ukiishia hapo ni kibarua tu. Lakini walipochukua DNA kutoka kwenye mfupa mdogo wa sikio, ikatokea sio mtu wa kisiwa hiki kabisa, asili yake ni upande wa Sarmatia, kule kusini mwa Urusi na Ukraini ya leo kuelekea milima ya Kaukasi. Kisha wakapima meno, maana jino la utotoni linahifadhi kemikali ya ulichokula, na mimea ya jamii ya mtama na ulezi inaacha alama tofauti na ngano. Mpaka miaka kama 5 huyu mtoto alikula sana hizo nafaka za jamii ya mtama, alafu zikapungua, akahamia kwenye ngano. Yani unaona kabisa mtoto anahamishwa kuelekea magharibi kwa kuangalia chakula chake. Matokeo yalitoka Desemba 2023 na nilisoma nikiwa nimesimama kwenye basi nikapitiliza kituo.

Alifikaje? Inajulikana kwamba mwaka 175 Kaisari Marcus Aurelius alichukua wapanda farasi wa Kisarmatia, akapeleka 5,500 Uingereza. Huenda baba yake alikuwa mmoja wao, au huyu mwenyewe alikuja na msafara huo. Ila angalia alipoishia, mtaroni pembeni ya shamba, sio makaburi ya jeshi. Mwenye kusema vijijini kulikuwa na wenyeji watupu wasiojua dunia aanze na huyu.

Wa pili yuko jirani, Fenstanton, kwenye barabara ya zamani ya Kirumi kati ya Cambridge na Godmanchester. Mwaka 2017 wachimbaji wa Albion Archaeology walikuwa wanachimba kabla ya kujengwa nyumba za kuishi, wakakuta kijiji cha barabarani chenye makaburi madogo kadhaa, na mifupa mingi sana ya ng'ombe iliyopasuliwa kutoa uboho, inaonekana walikuwa na kazi ya mafuta, labda sabuni au mishumaa. Kijiji cha kazi, harufu yake sijui ilikuwaje. Kati ya waliozikwa kuna mwanaume wa miaka 25 mpaka 35. Shambani hakuna aliyegundua chochote cha ajabu, mpaka mifupa ilipofika maabara ikaoshwa, mtu anaosha kisigino cha mguu wa kulia, anakuta msumari wa chuma umepita upande mmoja ukatokea wa pili.

Alisulubiwa. Kati ya mwaka 130 na 360, kwenye kijiji cha wakulima Cambridgeshire. Tunasoma habari za kusulubiwa kila Pasaka, tunajua Warumi walisulubu maelfu, lakini mifupa yenye ushahidi ni ya kuhesabu, na kabla ya huyu, aliyekuwa na msumari bado kisiginoni alikuwa mmoja tu, aliyepatikana Jerusalem mwaka 1968. Kawaida misumari ilichomolewa, na waliosulubiwa wengi hawakupewa kaburi. Miguu ya huyu ina dalili za uvimbe wa muda mrefu, inawezekana alifungwa pingu kabla. Ila alizikwa na wenzake, makaburi yaleyale, amelazwa kwenye ubao. Kwa hiyo inaonekana kuna mtu alienda kuuomba mwili wake. Kijiji kilimchukua mtu wao aliyeuawa na serikali kwa adhabu ya watumwa na waasi, wakamshusha, msumari ukagoma kutoka, wakamzika nao. Kosa lake halikuandikwa popote.

Nilivyomhadithia binamu kwenye simu akakaa kimya kisha akasema, sasa kaka hiyo ndio ungenionyesha mwanzo, sio mtaro. Nikamwambia mtaro ulikupendeza wewe.

Kwa wanaotaka kwenda, Chysauster hufungwa wakati wa baridi na kuna kiingilio, angalieni kwanza kabla ya kupanda treni ya Penzance maana ni mbali. Carn Euny mnaenda wakati wowote, vaeni viatu vya matope. Offord Cluny na Fenstanton hamna cha kuona, moja ni barabara na nyingine nyumba za watu. Kuna pia Nornour kule visiwa vya Scilly, dhoruba ya 1962 ilifumua pwani ikatoa nyumba za mawe zilizojaa vikuku na bizimu za Kirumi, ila ile ni stori yake peke yake na boti ya kwenda huko inanitia kichefuchefu, nikipata ujasiri nitaandika.